Nati ya Nne

"Zilikuwa nne!"

"Zilikuwa tatu, Awadhi. Mwenye macho hapa ni mimi."

"Bi Kuruthumu, usinichezee. Vali ile ilishikwa na nati nne. Mbili juu, mbili kwenye bomba. Nimezifungua kwa mkono wangu huu."

"Basi uulize mkono wako. Mimi naangalia vitumbua vyangu."

Awadhi alikuwa kapiga magoti mchangani anaburuta sumaku. Sumaku hiyo aliing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaitia kamba, na kila jioni kabla ya kufunga gereji huizungusha uani kama mtu anayetembeza mbuzi, inaokota nati zilizomponyoka mchana. Lakini siku hiyo haikuwa jioni. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuzunguka. Ilishatoa misumari, vifuniko vya soda, pini za nywele, na jino moja la dhahabu. Msiniambie sumaku haivuti dhahabu. Nililiona.

Nati ya gari la Jamnadas haikutoka.

"Haimo mchangani," Awadhi akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kama anavyosema kila kitu, uchochoro mzima ukasikia. "Jana jioni nimezunguka, haimo. Leo asubuhi, haimo. Kama haimo mchangani, bibi, imo wapi?"

Nikageuza kitumbua kilichokwisha kuiva pande zote mbili.

Awadhi huyu nitamweleza mwenyewe, maana watu wa mtaa wetu wa Gerezani wana midomo, na mkisubiri wao wamweleze mtaletewa mtu mwingine kabisa.

Alikuwa fundi wa dizeli. Miaka ishirini alifanya kazi katika shirika moja la malori ya serikali, zama zile ambazo spea ilikuwa kitu cha kusikia tu. Gasketi za kuziba maungio ya injini alikata kwenye maboksi ya sabuni. Mara moja lori lilimkatikia ukanda wa feni huko njia ya Songea, akaingia kijijini akaomba ukindu, akasuka ukanda kwa mikono yake, na lori likafika Dar likinuka mkeka mpya. Hilo aliniambia dereva wake, na mimi nimelipunguza kidogo ili mliamini.

Sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, alikwambia ugonjwa ulipo kabla hujamaliza kumwamkia. Wakati mmoja alikuwa Magogoni na wenzake wanasubiri kivuko, meli kubwa inaingia bandarini, Awadhi akainamisha kichwa, akasema, "Silinda ya tano inakohoa." Jioni meli ile ikazimika gatini. Tangu siku hiyo wakamwita Awadhi Sikio.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu afanye biashara yake. Shirika likauzwa, malori yakapigwa mnada, na wanaume wenye nywele za mvi wakapewa barua na mkono wa kwaheri. Awadhi akaja na boksi lake la spana, akatafuta ukuta wa kuegemea. Ukuta aliouona ulikuwa wangu, pale nilipoweka jiko langu la vitumbua, hatua chache kutoka Msimbazi. Nikamwambia akae upande wa kushoto, moshi wangu uende kulia. Kazi haikumpiga chenga. Magari ya dizeli kutoka Japani na Dubai yalikuwa yanamwagika bandarini kama mchele uliotobokewa na gunia, na kila mwenye duka Kariakoo alitaka lake. Foleni ya kusikilizwa na Awadhi ilifika hadi kwa wauza ndoo.

Miaka saba hivi baadaye ndipo nilipogundua.

Mimi nina tabia ya utani, haijanitoka na haitanitoka. Siku hiyo Awadhi kanipa mgongo anafunga kitu, nikasema nyuma yake, si kwa nguvu, "Awadhi, mkeo kaja na kaka zake wanne, na mmoja ana panga." Hakugeuka. Nikarudia. Hakugeuka. Mwanamume asiyegeuka kwa neno hilo hana usikivu. Nikazunguka nikasimama mbele yake. Aliponiona uso alijua nimejua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sauti nyembamba zimeanza kuondoka mwaka juzi," akasema. Hapo, kwa mara ya kwanza, alisema polepole. "Nzito nazisikia bado. Ngurumo naisikia. Lakini tiki-tiki, chi-chi-chi, zile ndogo ndogo, zimekwenda. Ukinisema, bibi, nimekufa njaa."

Sikumsema. Mimi nimesema mambo mengi ya uongo katika maisha yangu, lakini hilo la kweli nililifunika. Tukapatana. Akiweka bisibisi sikioni na kujifanya anasikiliza, mimi pale kwenye jiko nasikiliza kweli. Akitaka neno, anagusa sikio lake, kama mtu anayejikuna. Hapo mimi napiga mapigo ya injini ile kwa vidole juu ya goti langu, na kama kuna sauti ndogo naisema nikiwa nimemwelekea, aone midomo: inalia kama panya, inalia kama mchanga kwenye kikaango, inalia kama mkufu. Yeye anajua mkufu ni nini na panya ni nini. Wateja waliona fundi anasikiliza na bibi anapiga goti kwa uchovu wa uzee. Miaka miwili tulikwenda hivyo, na hakuna injini iliyotudanganya.

Hayo ndiyo niliyokuwa kwa Awadhi. Masikio yake. Kumbukeni hilo.

Sasa, gari la Jamnadas. Jamnadas mwenye duka la vitambaa ana gari refu la dizeli, la Kijapani, na dereva wake ni Benjamini. Lilikuja linatoa moshi mweusi ambao ungewafanya kunguru wa Kariakoo wapoteze shingo zao za kijivu. Kwenye tambarare linakwenda, kwenye kilima linalegea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Awadhi alifungua boneti akanionyesha.

"Unaona hii? Wajapani wameweka vali hapa. Moshi ukitoka, hii inauchukua mwingine inaurudisha ndani, injini iule tena."

"Ule moshi wake mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwao wanasema inasafisha hewa."

"Kwa hiyo injini inakula mavi yake, na sisi tunashangaa haina nguvu."

Awadhi akacheka. Lakini ndivyo mafundi wote wa Gerezani walivyoamini, na dizeli yetu ya wakati ule, Mungu anajua ilikuwa imechanganywa na nini, ilijaza vali zile masizi mpaka zikaganda wazi. Dawa ilikuwa moja: ing'oe, ziba matundu kwa bati, gari lipumue hewa ya Mungu.

Na lilikuwa na safari. Mke wa Jamnadas, Vidya, sisi tunamwita mama Keyur, alikuwa anakwenda Iringa. Mwanawe Keyur kafungua duka huko, na mkewe kajifungua. Mjukuu wa kwanza. Njiani kuna Kitonga, na Kitonga si mlima wa kupanda na injini inayokohoa. Mama Keyur alikuja gereji mwenyewe kusimamia, na sari yake ya kijani, akakaa kwenye kreti la soda nililomfutia.

Mama Keyur huyo, asiyeonja nyama wala samaki, nilikuwa na deni naye la aina yake. Miaka yote aliyopita pale kwangu, nimemsimulia visa vyangu na hajawahi kucheka hata kimoja. Anasikiliza hadi mwisho, anasema, "Haya, Bi Kuruthumu," anaondoka. Wanaume wazima wamejikojolea kwa visa vyangu. Yeye, "Haya, Bi Kuruthumu." Ilikuwa inaniuma kama mwiba uliokatikia ndani.

Awadhi akaanza. Akatoa waya wa betri. Akachomoa mpira mwembamba unaovuta vali, akauziba kwa skrubu. Akamwagia nati mafuta, akangoja, akazilegeza moja moja, maana zile za kwenye bomba la moto hukatika ukizifanyia haraka. Nati ya kwanza akaiweka juu ya injini. Ya pili pembeni yake. Ya tatu. Ya nne. Nne, ndiyo. Nilizihesabu.

Akaivuta vali. Ilitoka nyeusi kama sufuria ya shughuli, na tundu lililobaki kwenye njia ya hewa lilikuwa jeusi zaidi, limezibika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Hapo Awadhi ana desturi, na hajawahi kuiacha: tundu lolote la injini likifunguka, kabla ya kitu kingine, linasokomezwa tambara. Matambara yake ni meupe, anayanunua Mchikichini kwenye marobota ya mitumba, mashuka ya Wazungu. Meupe kusudi, ili asilisahau moja ndani. Akasokomeza. Halafu, ili akwangue masizi ya mdomoni, ilibidi alitoe kidogo. Akachukua kijiko akaanza kukwangua.

Mimi nilikuwa katikati ya kisa.

"Basi, mama Keyur, pale Feri Kivukoni, mnadani, wameweka nguru mkubwa kama mlango. Mnadi anapaza sauti, watu wanapandishiana. Kila mtu akitaja bei, sauti inatoka chini inampita. Akitaja mwingine, inampita. Watu wanatazamana, nani huyo tajiri? Mnadi akainama. Kumbe ni yule nguru! Anajinunua mwenyewe!"

Benjamini alikuwa kashika tumbo. Mama Keyur alinitazama tu.

"Mnadi akasema, sawa, umeshinda, lipa. Nguru akasema, sina mfuko, lakini nitatafuta mdhamini. Akageuza jicho moja, akatazama umati wote, akawapita Waswahili, akawapita Waarabu, akawapita Wachina wa meli..."

Awadhi akagusa pembe ya injini kwa kiwiko. Kitu kikasema, *tii*.

Nilisikia. Ilikuwa ndogo, safi, chuma juu ya chuma ndani ya kitu chenye uwazi. Mchanga hausemi hivyo. Mchanga hausemi kitu kabisa. Na Awadhi aliendelea kukwangua, kichwa chini, kwa sababu sauti nyembamba zimekwenda.

Ningesema "Awadhi!" tu, nigonge goti. Ingetosha. Lakini mdomo wa mama Keyur ulikuwa umeanza kutetemeka pembeni.

"...akamwona mama mmoja wa Kihindi, kavaa sari ya kijani. Akasema, yule! Yule ndiye mdhamini wangu! Katika Dar nzima ni yeye peke yake ambaye najua hatanila njiani!"

Mama Keyur akacheka.

Alicheka akashika magoti, akacheka akainuka kwenye kreti, machozi yakaharibu wanja wake. "Bi Kuruthumu! Bi Kuruthumu, wewe mwanamke utaniua!" Ndivyo alivyosema. Watu wa uchochoro mzima walikuja kuona nani anacheka vile. Nilihisi nimevuka bahari kwa miguu. Na ile *tii* nikaiweka pembeni, nikajiambia imeangukia kwenye bati la chini ya injini, itaonekana.

Awadhi alipotaka kufunga, akaona nati tatu. Akatazama chini, akapapasa mchanga kwa kiatu, akasema, "Giza linaingia, itatoka kesho na sumaku." Akachukua ya nne kwenye kopo lake la nati za zamani. Akakata bati, akaligongea gasketi kwa nyundo, akatoa tambara jeupe, akanionyesha kwa desturi kwamba limetoka zima. Akafunga. Benjamini akawasha. Moshi ukatoka mweusi, ukawa wa kijivu, ukakatika. Awadhi akaweka bisibisi, akagusa sikio.

Nikapiga mapigo kwenye goti. Manne, sawasawa, mazuri. Sikusikia kitu kingine, naapa. Ilikuwa imelala.

"Hakuna panya?" akauliza kwa midomo tu.

"Hakuna."

Kesho yake alfajiri walipita pale kabla sijakoleza mkaa. Mama Keyur alishusha kioo. "Nikifika nitapiga simu dukani mimi mwenyewe," akasema. "Jamnadas atasikia mtoto analia. Nitamwambia yule mtoto kisa cha nguru." Nikampa vitumbua sita kwenye gazeti. Wakaondoka, na gari lilikwenda kama kijana.

Hiyo ilikuwa jana. Iringa ilikuwa wafike jana magharibi.

Jana jioni sumaku haikutoa nati. Asubuhi nilimuuliza mfanyakazi wa dukani kwa Jamnadas, aliyekuja kununua vitumbua, kama simu imelia. Akasema tangu mvua zile kubwa, laini za simu za huko juu hazieleweki. Aliongea akiangalia vitumbua, si mimi. Na hakuvila pale kama kawaida yake.

Sasa Awadhi alikuwa kasimama mbele yangu, sumaku inaning'inia, imejaa misumari kama ndevu.

"Unajua nati ikiingia njia ya hewa inafanya nini?" akasema. "Inalala. Njia ile ina kona. Kwenye tambarare injini inavuta kidogo, haiinuki. Inaweza kulala hadi Chalinze, hadi Morogoro, inapita Mikumi imelala. Halafu gari linafika Kitonga. Benjamini anakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inavuta pumzi kubwa, na ile inaamka. Inaingia kwenye silinda. Nimeshaona pistoni iliyomeza nati, bibi. Kama muwa uliotafunwa. Injini inakufa papo hapo, na gari lile breki zake zinategemea injini. Nyuma korongo. Nyuma malori."

"Labda ni tatu," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ni nne. Unajua ni nne." Akachuchumaa, macho yetu yakawa sawa. Sikuwahi kumwona karibu hivyo. Masizi ya juzi yalikuwa bado kwenye mikunjo ya uso wake. "Bi Kuruthumu. Mimi sikusikia kitu. Sikuweza. Lakini wewe ulikuwa pale. Wewe ulisikia nini?"

Mafuta yalikuwa yanalia kwenye kikaango. Kila kitumbua kikipasuka kilitoa sauti ile ile.

Nimedanganya mahakimu. Nimedanganya mume wangu kitandani, naye kaniombea dua. Pale uongo haukuja. Niliufungulia mlango, haukuja.

"Tii," nikasema.

Alitazama midomo yangu. "Rudia."

"Ilisema tii. Ndani. Ulipokuwa unakwangua, kiwiko chako kilipogusa."

Hakuinuka. Aliketi mchangani kama mtoto, sumaku ikamdondoka juu ya kiatu chake na misumari yake yote.

"Ulisikia," akasema. "Na hukugonga goti."

"Nilitaka kugonga."

"Hukugonga. Miaka miwili unagonga, mpaka panya wa kweli anapopita unagonga. Kwa nini juzi ile hukugonga?"

"Mama Keyur alikuwa anataka kucheka."

Nilidhani atanipiga. Ingekuwa afadhali. Alinitazama tu, na polepole uso wake ukawa unakwenda mbali, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali sana, na hakuna kitu anachosikia.

"Bibi," akasema, na kwa mara ya pili tangu nimjue alisema kwa sauti ndogo, "wewe unajua kama..."

Kivuli kilikuwa kimeingia kati yetu.

Alikuwa Jamnadas. Jamnadas hajawahi kuja gereji, kila jambo hutuma mtu. Alikuwa kavaa ndala za ndani, shati limefungwa vifungo vibaya, na funguo za duka hazikuwa mkononi mwake. Nyuma yake, kule mwisho wa uchochoro, niliona mlango wa duka lake uko wazi, vitambaa vimening'inia nje, na hakuna mtu mlangoni. Kariakoo, saa sita mchana, duka wazi, hakuna mtu.

Alifungua mdomo. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nati.

"Bi Kuruthumu," akasema, "simu imelia. Ni Benjamini aliyepiga, si mama Keyur."

Halafu akasema mengine, ya Kitonga.

Awadhi alikuwa bado mchangani, anamtazama Jamnadas midomo, hapati. Akanigeukia mimi. Akainua mkono, na kwa kidole chenye masizi akagusa sikio lake.